Sura ya Sita: Betri Haianikwi

Ukikulia Usukumani miaka ya themanini, unazikumbuka betri za National zikiwa zimepangwa juu ya bati kama dagaa. Jioni, kabla ya taarifa ya habari, mtoto alitumwa kwenda kuzianua. Zilikuwa za moto kiasi cha kuzirusha kutoka kiganja hiki kwenda kile, na zikishatiwa kwenye redio, ile redio iliyokuwa ikikoroma tangu juzi ilipata sauti. Waliokosa jua waliziuma kwa meno. Waliokata tamaa kabisa walizitoboa kwa msumari, wakazidondoshea maji ya chumvi. Nyumbani kwetu njia zote tatu zilitumika, na kwa mpangilio huo huo.

Wala haukuwa ushirikina. Betri kavu za namna ile ni kopo la zinki lenye kijiti cha kaboni katikati, na kati yake umejaa uji mzito wa kemikali. Betri ikifanya kazi, haidrojeni hujikusanya kuzunguka kaboni na kuziba njia. Ikipumzishwa, njia hufunguka kidogo. Jua huchangamsha kemia iliyolegea, maji ya chumvi hulainisha uji uliokauka. Umeme mpya haukuingia hata chembe. Yale yalikuwa makoko ya chini ya sufuria, ila makoko hayo yalitosha kusikiliza mpira hadi mapumziko. Basi mkono ukajifunza: betri ikichoka, ipeleke juani.

Mkono huo ndio ulioniponza Kagongwa.

Kagongwa ni mji mdogo wa barabarani, kati ya Isaka na Kahama, na chakula chake ni mchele kwa maana zote mbili. Mashine za kukoboa zinaunguruma, pumba zimerundikwa nyuma ya maghala, na barabarani yanapita malori yanayotoka bandari kavu ya Isaka kwenda Rwanda na Burundi. Nilifika mwezi Juni, mpunga umeshavunwa, kila mtu ana gunia na kila mtu ana haraka. Nilikuwa naandika habari za madalali wa mchele. Kompyuta mpakato yangu ilikuwa na asilimia thelathini. Nikaichomeka kwenye soketi ya kiberiti cha gari, nikaiweka juu ya dashibodi, nikapandisha vioo ili vumbi la pumba lisiingie, nikaenda zangu mashineni. Mkulima wa zamani ndani yangu aliona nimefanya jambo la maana: chaji inaingia, na jua linasaidia.

Niliporudi baada ya saa mbili, kompyuta ilikuwa imezima. Mgongo wake haushikiki. Ilinuka harufu tamu kidogo, kama rangi ya kucha. Iliwaka tena usiku, baada ya kupoa, nami nikamshukuru Mungu. Sikujua kwamba betri imeshazeeka mchana mmoja.

Ofisi ya Kagongwa, kwa wengi, ni mfuko wa shati. Dalali wa mchele ana simu mbili: simu janja ya kupiga picha ya punje na kuituma kwa mnunuzi wa Mwanza au Dar es Salaam, na kitochi cha kuongelea. Wakala wa fedha ana tatu, moja kwa kila mtandao mkubwa, zimefungwa mpira wa manati zisipotee. Afisa ugani ana pikipiki na kishikwambi. Mwalimu ana kishikwambi pia, pengine kile kile kilichohesabia watu katika sensa ya Agosti 2022, sensa ya kwanza nchini kukusanya takwimu kwa vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi. Baada ya kazi ile vifaa viligawiwa walimu. Mwanafunzi wa chuo aliyerudi likizo anaandika ripoti ya mafunzo kwa vitendo kwenye kompyuta ya kuazima, chini ya mwembe. Hakuna kati yao mwenye meza karibu na ukuta wenye soketi.

Nilimuuliza dalali mmoja chaji ikiisha inakuwaje. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa mvua isiponyesha inakuwaje.

"Kaka, bei ya saa nne siyo bei ya saa saba. Mnunuzi akipiga mara mbili hupatikani, anampigia wa tatu. Gari linapakia kwingine."

Kwa hiyo kitochi hakiachwi. Si kwa sababu ya umaskini. Yule dalali ana simu janja kubwa kuliko yangu. Kitochi kina kioo kidogo, hakina programu zinazonong'ona na mtandao usiku kucha, na betri yake ya mAh 1,000 tu inakaa siku nne mahali ambapo simu janja yenye mAh 5,000 inakaa moja. Betri iliyozoeleka zaidi humo ni ile ya umbo la pipi ya mstatili iitwayo BL-5C, ya Nokia, ambayo mafundi wetu wameihamishia kwenye redio ndogo, spika za sokoni na tochi. Betri hiyo ina kisa. Agosti 2007 Nokia iliwatangazia wateja duniani kote kwamba BL-5C milioni 46, zilizotengenezwa kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006, zinaweza kupata moto kupita kiasi zikiwa kwenye chaji, na kwamba itazibadilisha bila malipo. Mtengenezaji wake alikuwa Matsushita wa Japani, ndugu wa damu wa zile National tulizokuwa tukizianika, kwani National ilikuwa jina la biashara la Matsushita huyo huyo, aliyekuwa na kiwanda Dar es Salaam. Jina la ukoo moja, tabia mbili tofauti kabisa. Ile ya kwanza ilipenda jua. Hii ya pili jua ni adui yake.

Tabia hiyo ya pili ndiyo ya lithiamu. Betri ya lithiamu iliingia madukani mwaka 1991, Sony walipoitia kwenye vifaa vyao, na mwaka 2019 wanasayansi watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kuifikisha hapo. Goodenough alikuwa na miaka 97, na hakuna aliyewahi kuipokea Nobel akiwa na umri mkubwa zaidi. Ndani yake kuna kuta mbili, moja ya kaboni ya grafaiti na nyingine ya madini kama kobalti na nikeli, na katikati majimaji yanayoshika moto. Ukichaji, chembe za lithiamu zinavuka kwenda ukuta wa grafaiti na kujichomeka humo kama nyuki kwenye sega. Ukitumia, zinarudi. Hakuna kinachoisha, kinachotokea ni safari ya kwenda na kurudi. Kama mambo yangekwenda sawasawa, betri ingeishi milele.

Hayaendi sawasawa kwa sababu ya yale majimaji. Kidogo kidogo huungana na lithiamu na kuacha utando juu ya grafaiti, kama ukoko wa magadi kwenye birika. Kila chembe iliyonaswa kwenye utando hairudi tena safarini. Mambo mawili huharakisha utando huo: joto, na betri kukaa ikiwa imejaa pomoni. Yakikutana pamoja, ni maafa. Battery University, mradi wa elimu wa kampuni ya Cadex ya Kanada, una jedwali ambalo mafundi wengi duniani hulitumia. Betri iliyohifadhiwa mwaka mzima kwenye nyuzi joto 25 ikiwa na asilimia 40 ya chaji hubakiwa na asilimia 96 ya uwezo wake. Ikikaa mwaka kwenye nyuzi 40 huku imejaa, hubakiwa na asilimia 65. Ikipelekwa nyuzi 60 ikiwa imejaa, hufika asilimia 60 kwa miezi mitatu tu.

Nyuzi 60 unaweza kuziona mbali. Dashibodi ya gari lililofungwa vioo, juani, mchana wa Shinyanga, huzipita bila jasho. Mimi niliongeza na chaji juu yake, na betri inayochajiwa hutoa joto lake yenyewe. Nilikuwa nimeipika.

Niseme kitu pembeni hapa. Karibu na mji wa Kahama kuna Buzwagi, mgodi wa dhahabu ulioanza uzalishaji mwaka 2009 na kusimamisha uchimbaji 2021. Katika eneo hilo umepangwa mtambo wa kusafisha nikeli, shaba na kobalti kutoka Kabanga, Ngara. Nikeli na kobalti ndiyo zile kuta nilizozitaja. Siku mtambo huo ukisimama, madini ya betri za dunia yatakuwa yakisafishwa mwendo wa muda mfupi kwa bajaji kutoka mahali ambapo dalali anatafuta soketi. Sina la kuongeza. Nimeona tu ni vizuri msomaji alijue.

Kurudi kwenye kosa langu: sikuwa peke yangu. Karibu kila ushauri wa betri unaopewa kijiweni ni wa kweli, ila ni wa betri nyingine. "Simu mpya ichaji saa nane bila kuizima." Huo ulikuwa wa betri za nikeli za simu za kwanza kwanza. "Usichomeke mpaka iishe kabisa, utaizoesha vibaya." Wa nikeli pia, betri zile kweli zilikuwa na kumbukumbu mbaya. Lithiamu haina kumbukumbu, na kuimaliza hadi sifuri kila siku kunaichosha zaidi kuliko kuichomeka mara tano kwa siku. Halafu kuna betri la gari, lile la risasi na asidi, lililokuwa likibebwa kwa baiskeli kwenda kuchajiwa mjini ili familia itazame runinga wikiendi. Hilo lilitaka kinyume chake: lijazwe hadi mwisho, lisiachwe tupu hata siku moja, na lisinywewe chini ya nusu likitakiwa kudumu. Vijana wa sola bado wanalifahamu vizuri, nao humwambia mwenye simu maneno yale yale ya betri la asidi: "Ijaze, iache kwenye umeme." Kila mmoja anasema kweli ya betri aliyolelewa nayo.

Watengenezaji huhesabu maisha ya lithiamu kwa mizunguko. Mzunguko mmoja ni kutumia jumla ya asilimia mia, si kuchomeka mara moja. Ukitumia hamsini leo na hamsini kesho, ndiyo mmoja. Zamani ilikuwa kawaida betri kuanza kuchoka baada ya mizunguko 300 hadi 500. Umoja wa Ulaya, tangu Juni 2025, unataka simu janja zinazouzwa huko zibaki na angalau asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 800. Sheria hiyo haituhusu moja kwa moja, ingawa kiwanda kinachotengeneza simu ya Ulaya mara nyingi ndicho kinachotengeneza na yetu.

Kwenye simu nyingi za miaka ya karibuni, na kompyuta nyingi, kuna sehemu kwenye mipangilio ya kuzuia chaji isivuke asilimia 80. Wataalamu wa mbali hukuambia uiwashe na usiizime. Mimi nasema inategemea unalala wapi. Wakala anayefungua kibanda chini ya nyaya za TANESCO, simu imechomekwa kutwa, aiwashe leo hii. Betri yake inakufa kwa kukaa imejaa, ndani ya kibanda cha bati chenye joto la tanuri. Afisa ugani anayekwenda kulala kijijini siku mbili aijaze hadi mia bila kuona haya, ila aijaze asubuhi ya safari badala ya kuiacha imejaa usiku kucha. Betri imenunuliwa ili itumike. Mtu anayeiokoa betri na kuikosa simu ya mteja amefanya hesabu ya ajabu.

Sasa kuhusu matumizi yenyewe. Kinachokula zaidi mchana ni kioo. Ukisimama juani kwenye turubai la mpunga, simu inapandisha mwanga hadi mwisho ili uone, na hapo inakunywa kama ng'ombe aliyetoka mbugani. Geuka, ipe kivuli cha mwili wako, mwanga utashuka wenyewe. Ile rangi nyeusi ya skrini inayosifiwa sana husaidia kwenye vioo vya OLED, ambavyo kila nukta hujiwashia taa yake. Kwenye vioo vya LCD, vilivyomo katika simu nyingi za bei ya kawaida tunazonunua, taa ya nyuma inawaka tu hata picha ikiwa nyeusi tii. Unazuia mwanga usitoke, huuzimi.

Mlaji wa pili haonekani, na huku kwetu ndiye mbaya zaidi. Ni mnara wa mbali. Simu na mnara huzungumza kwa kubadilishana mawimbi, na simu hupandisha au kushusha sauti yake kulingana na umbali. Karibu na mnara inanong'ona. Mbali inapiga kelele: kwenye masafa ya zamani ya GSM, simu inaruhusiwa kufika wati 2, mara mamia ya kile inachotumia ikiwa karibu. Ndiyo maana unatoka Kahama na asilimia tisini, unashinda kwenye majaruba ambako mstari wa mtandao ni mmoja unaokuja na kupotea, hujapiga hata simu moja, na saa nane mchana umebakiwa na arobaini. Simu ilikuwa ikimwita mnara siku nzima mfukoni mwako.

Wachimbaji wadogo wa ukanda wa Kahama na Geita wanalijua hili kuliko sisi. Anayeshuka duarani huzima simu au huiweka kwenye hali ya ndege, kwa sababu chini hakuna mnara wa kuitwa, na akipanda jioni simu inakuwa na chaji ile ile aliyoshuka nayo. Ukiwa mahali penye mtandao wa kubabaisha, fanya kama yeye. Andika ujumbe wako wote, kisha panda kichuguu, washa mtandao, tuma vyote kwa mkupuo, zima. Ukibaki hewani kwa ajili ya kupokea simu, lazimisha 2G kama kazi yako ni sauti tu. Simu haitahangaika kurukaruka kati ya 4G na 3G.

Nije kwenye pawabenki, na hapa ninahitaji muda kidogo.

Katika duka moja la vifaa vya simu waliniuzia, au nusura waniuzie, pawabenki iliyoandikwa mAh 30,000. Ilikuwa ndogo, inang'aa, na bei yake ilikuwa ya huruma. Jirani kuna duka la vyakula lenye mizani. Nikamwomba mwenye duka tuipime. Ikasoma gramu 170. Mwenye duka, mama wa makamo aliyekuwa akipima maharage, akasema bila kuulizwa, "Mwanangu, hicho ni kiboksi."

Alikuwa sahihi na kemia inamuunga mkono. Selu moja ya lithiamu ya umbo la silinda yenye mAh 3,000 hivi ina uzito wa karibu gramu 45. Ili ufike 30,000 unahitaji kumi, yaani gramu 450 kabla ya gamba, waya na saketi. Gramu 170 haziwezi kubeba hata nusu ya kilichoandikwa. Wakulima wa Kagongwa wanaijua lumbesa, gunia linaloshindiliwa hadi kupata kichogo, ambalo mnunuzi hulilipia kama gunia moja. Pawabenki za namna hii ni lumbesa iliyogeuzwa: gunia limesimama wima, limeshonwa vizuri, ndani debe mbili.

Hata ile ya kweli haitoi namba iliyoandikwa. Pawabenki ya mAh 10,000 inapimwa kwa volti 3.7 za selu zake. Zidisha, upate wati-saa 37. Lakini inatoa kwa volti 5, na katika kupandisha volti kuna upotevu, na simu nayo inapopokea inapoteza tena kwa joto. Simu yenye mAh 5,000 inabeba kama wati-saa 19. Kwenye daftari ni mara mbili; kwa uhalisia utaijaza mara moja na nusu ukibahatika. Anayejua hili hachukii. Asiyejua anadhani ameibiwa.

Kwa kompyuta hesabu ni nyingine. Kompyuta mpakato ya kawaida ina betri ya wati-saa 40 hadi 60, kwa hiyo pawabenki ya mAh 10,000 haiwezi kuijaza hata ikijitoa kafara. Unahitaji ya 20,000, yenye wati-saa 74, na si hiyo tu: lazima iweze kutoa wati 45 au 65 kupitia tundu la USB-C, na kompyuta yenyewe iwe inapokea chaji kwa tundu hilo. Pawabenki ya wati 18 ukiichomeka kwenye kompyuta, moja kati ya mawili hutokea: inakataa, au inaingiza tone tone huku wewe unatumia kijiko. Ukiwa na safari ya ndege kutoka Mwanza, ikumbuke namba 100: kikomo cha kawaida cha mashirika ya ndege ni wati-saa 100 kwa betri unayobeba mkononi, sawa na mAh 27,000 hivi. Ile ya 30,000 ya dukani, ingekuwa ya kweli, ingekuletea maneno uwanjani. Kwa kuwa ni ya uongo, ingepita salama kama wangepima mizani badala ya kusoma.

Kwenye gari, achana na inveta kama unaweza. Inveta inachukua volti 12 za betri la gari, inazipandisha hadi 230, kisha chaja yako inazishusha tena hadi 19 au 20. Ni kama kuupeleka mpunga Tabora ukakobolewe na kuurudisha Kagongwa uuzwe. Chaja ya gari inayotoa USB-C moja kwa moja inaruka mzunguko huo wote, haina feni ya kelele, na gharama yake ni ndogo. Sola nayo ina sharti moja tu ambalo watu hulisahau kila siku: paneli ikae juani, simu ikae kivulini. Waya upo kwa kazi hiyo. Nimeona paneli zilizolazwa juu ya bati na simu imelazwa juu ya paneli, kama mtoto mgongoni mwa mama yake. Ni ile National ya zamani, bado iko juu ya bati.

Kuhusu umeme wa gridi nitasema kwa ufupi. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umefikisha nguzo katika vijiji ambavyo miaka ishirini iliyopita vingecheka ukivitajia. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, la megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme kwenye gridi mwanzoni mwa 2024, baada ya mgao mkali wa mwishoni mwa 2023 ambao kila mwenye saluni anaukumbuka. Hali si ile ya zamani. Lakini nguzo haitembei, na kazi za huku zinatembea. Ndiyo maana vibanda vya kuchajia simu havijafa palipo na umeme. Vimehamia stendi na sokoni, kwa shilingi mia chache, na waya zao zimening'inia kama utumbo kwenye bucha.

Mwenye kibanda kimoja alikuwa pia fundi. Nilimkuta ameshika simu iliyofunguka mgongo yenyewe, kifuniko kimenyanyuliwa na betri iliyovimba kama andazi. Mteja wake, kijana wa bodaboda, alikuwa anabishana.

"Si uitoboe tu hewa itoke? Mbona zamani walikuwa wanatoboa?"

"Wewe nawe, mdogo wangu. Toboa wewe, mimi nisimame barabarani."

Fundi hakusoma kemia popote, lakini jibu lake lingepita katika chuo chochote. Uvimbe ni gesi inayotokana na yale majimaji yakioza kwa joto au kwa chaji mbaya. Ndani, kuta mbili zimetenganishwa na karatasi nyembamba kuliko karatasi ya daftari. Msumari unaopita hapo unaziunganisha, nguvu yote ya betri inamwagika kwa sekunde chache, na majimaji yanashika moto ambao maji ya kikombe hayauzimi. Simu yenye betri iliyovimba huzimwa, haichajiwi tena, haikandamizwi ili kifuniko kifunge, na inakaa nje juu ya mchanga au zege hadi ipate wa kuichukua. Kijana aliondoka na betri mpya. Ya zamani fundi aliiweka ndani ya kopo la rangi lenye mchanga, nyuma ya kibanda, pamoja na wenzake kama tisa. Nilimuuliza zinapelekwa wapi. Akainua mabega.

Ya kwangu haikuvimba. Niliporudi nyumbani niliiuliza yenyewe, na wewe unaweza kuiuliza yako ikiwa inatumia Windows: fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, bonyeza kitufe cha kuingiza. Itakuandikia faili lenye mistari miwili ya kutazama, uwezo iliozaliwa nao na uwezo ilionao leo ikijaa. Yangu ilizaliwa na wati-saa 50. Wiki moja kabla ya safari ya Kagongwa ilikuwa na 46. Wiki moja baadaye ilikuwa na 37. Bado naitumia hadi leo, na sura hii nimeiandikia humo, chini ya mwembe, chaja ikiwa dirishani.